Pima Presha Kabla ya Kufumua Injini

Ziko injini nyingi za malori zilizofumuliwa wakati haziumwi. Nalisema kwa uchungu kwa sababu ndiyo kazi yangu: mimi ni fundi wa injini za dizeli hapa Makambako, pale barabara ya Njombe na Songea inapoungana na barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Tunduma, na magari mengi yanayonifikia yameshapitia mikono ya wengine. Dereva anashuka na kusema, "Fundi, taa ya oili inawaka, wameshasema krankshafti imekwisha." Ukimuuliza walipopima presha ilisoma ngapi, anabaki kukutazama. Hakuna aliyepima. Walisikiliza mlio, wakatikisa vichwa, wakataja bei.

Nitalieleza jambo hili kwa kutumia lori moja, kwa sababu lililetwa kwangu likiwa na magonjwa mawili ambayo kila mtu aliyahesabu kama mambo tofauti. Lilikuwa Scania 113, injini ya lita 11, silinda sita zilizojipanga mstari mmoja, wala hakuna kompyuta ndani yake. Ni magari ya zamani, lakini kwenye milima yetu bado yanavuta. Hili lilikuwa la mama mmoja mfanyabiashara wa mbao, likipakia Njombe na kushusha Dar es Salaam. Lalamiko la kwanza: injini ikishapata moto presha ya oili inaanguka, na akisimama kwenye foleni ya mizani taa nyekundu inawaka. Lalamiko la pili: asubuhi haliwaki mpaka utingo apande apige pampu ya mkono. Gereji moja ilikuwa imemwambia achonge krankshafti na kununua beringi zote. Fundi umeme, mahali pengine, alimwambia anunue betri mbili na stata.

"Mwanangu," mama aliniambia, "nieleze kwanza. Hela nitatoa nikishaelewa."

Natamani wenye malori wote wangeanza hivyo. Basi nikamweleza, na maelezo yenyewe ni haya.

Watu wengi wanaamini kwamba pampu ya oili ndiyo inayotengeneza presha. Pampu kazi yake ni kusukuma tu. Presha inazaliwa pale oili inapobanwa isipite kwa urahisi. Ukishika mpira wa kumwagilia bustani ukaziba mdomo wake kwa kidole gumba, maji yanaruka mbali. Ukiondoa kidole, yanamwagika miguuni ingawa bomba ni lilelile. Ndani ya injini oili inavutwa kutoka kwenye sampu kupitia chujio la waya, inapita kwenye pampu, kwenye kipoza oili na kwenye filta, kisha inaingia katika njia kuu iliyotobolewa ndani ya bloku. Kutoka hapo inagawanywa: beringi kubwa zinazobeba krankshafti, beringi za konrodi, kemshafti, roka za juu, na turbo. Uwazi kati ya beringi na krankshafti ni sehemu chache tu za mia za milimita. Oili inaujaza uwazi huo ili chuma kisiguse chuma. Huo ubanaji ndio sindano ya geji inausoma.

Sasa fikiria ni mambo mangapi yanaweza kuiangusha sindano hiyo. Beringi zikilika, uwazi unapanuka na oili inatoroka kirahisi. Oili ikiwa nyepesi mno, inatoroka kirahisi vilevile hata kama beringi ni nzima. Chujio la kwenye sampu likiziba, pampu inanyonya hewa. Valvu ya kupunguzia presha ikikwama wazi, oili inarudi kwenye sampu kabla ya kufika inakotakiwa. Na swichi au waya ukiharibika, geji inasema uongo wakati injini iko salama. Dalili ni ileile moja: taa imewaka. Anayesikia habari ya taa na hapohapo akataja krankshafti, amechagua jibu moja kati ya mengi, na amechagua lile la bei kubwa kuliko yote.

Kwenye lori la mama, kitu cha kwanza nilichokigusa ni kijiti cha kupimia oili. Gari likae mahali tambarare, injini izimwe, usubiri dakika kadhaa oili ishuke, ndipo uchomoe. Oili ilikuwa imepita alama ya juu. Dereva akafurahi: "Unaona fundi, gari hili halili oili kabisa. Tangu sevisi ya mwisho sijaongeza hata kidogo." Kauli hiyo ningependa kila dereva aiogope. Oili ya injini hupungua, au hukaa palepale kwa muda. Haizaliani. Ikiongezeka bila mtu kuimimina, kuna kitu kingine kinaingia, nacho ni maji au dizeli.

Maji yanajionyesha haraka. Oili inapauka, inakuwa nzito yenye povu, na chini ya kifuniko cha kujazia oili unakuta utando. Kwenye injini za namna hii, zenye laina zinazozungukwa na maji, ringi za mpira zilizo chini ya laina zikichoka maji yanadondoka moja kwa moja kwenye sampu. Dizeli ni mjanja zaidi. Oili inabaki nyeusi kama kawaida, lakini ukiisugua kati ya vidole inateleza bila uzito, na ukinusa kijiti unapata harufu yake. Mimi huongeza jaribio la karatasi: tone moja la oili kwenye karatasi nyeupe inayonyonya, kisha unaliacha. Oili nzima inaacha doa jeusi linalopauka taratibu kuelekea pembeni. Yenye dizeli inaacha doa na kuzunguka kwake pete pana ya unyevu usio na rangi, kwa sababu dizeli inasafiri mbali zaidi kwenye karatasi. Doa la lori la mama lilikuwa na pete hiyo.

Hata hivyo karatasi haitoi hukumu. Nikafungua swichi ya presha kwenye bloku, mahali pake nikafunga mpira wa geji yangu ya sindano. Geji hiyo haitumii waya wala umeme, kwa hiyo haina cha kudanganywa nacho. Injini ikiwa baridi ilisoma bar 3.5. Tukaiendesha mpaka ikapata moto wa kazi, tukaiacha ikinguruma polepole: bar 0.6. Kwa injini nyingi za malori ya ukubwa huu, barabarani ikiwa na moto unatarajia kati ya bar 3 na 5, na kwenye mngurumo wa chini isiwe chini ya bar 1. Kitabu cha injini husika ndicho hakimu wa mwisho. Kwa hiyo taa haikudanganya. Presha kweli ilikuwa ndogo. Swali lililobaki ni kwa nini.

Hapo nikafanya jambo ambalo gharama yake ni oili na filta tu, vitu ambavyo gari lingevihitaji hata hivyo. Tukamwaga oili yote, tukafunga filta mpya, tukajaza 15W-40 kutoka duka ninaloliamini. Injini ikapata moto tena: bar 1.7 kwenye mngurumo wa chini. Krankshafti ileile iliyohukumiwa kuchongwa, beringi zilezile. Kama beringi ndizo zingekuwa zimekwisha, oili mpya ingeinua sindano kidogo tu.

Filta ya zamani sikuitupa. Niliikata kwa msumeno, nikautandaza ule mkunjo wa karatasi juani, nikapitisha sumaku. Chembe zinazonata ni za chuma: ringi, laina, gia. Zisizonata lakini zinang'aa ni za aluminiamu, risasi au bati, na nyingi hutoka kwenye ngozi ya beringi. Ukiona rangi ya shaba, ngozi ya juu imeshakwisha na unaona tabaka la ndani. Ningeikuta shaba, ningeshusha sampu siku ileile bila kubishana na mtu. Nilikuta vumbi dogo la kawaida kwa gari lililotembea umri wake.

Bado dizeli ilikuwa inaingia kutoka mahali fulani, na kubadilisha oili bila kuziba njia hiyo ni kumwaga fedha. Hapa ndipo lalamiko la pili lilipotoa jibu la lile la kwanza.

Scania hii ina pampu kubwa ya dizeli ubavuni mwa injini, ile yenye mabomba sita. Ubavuni mwa pampu hiyo imefungwa pampu ndogo ya kuvuta dizeli kutoka tangini, na juu yake ndiko kuna kile kitasa cha kupiga kwa mkono. Pampu ndogo inasukumwa na kemshafti ya pampu kubwa, na kemshafti hiyo inalainishwa na oili ya injini yenyewe. Kinachotenganisha dizeli na oili hapo ni kijiti kimoja cha chuma kinachocheza ndani ya tundu lake. Kijiti na tundu vikilika, dizeli inapenya, inaingia ndani ya pampu kubwa, inachanganyika na oili na kutelemka mpaka kwenye sampu. Na valvu ndogo za pampu hiyohiyo zikichoka, usiku dizeli inarudi tangini polepole, hewa inachukua nafasi yake, na asubuhi pampu kubwa haina cha kusukuma.

Sikutaka kuamini kwa kufikiri tu. Jioni nikaunga kipande cha mpira unaoonyesha ndani kwenye bomba la kuvutia dizeli, mpira ukiwa umejaa. Asubuhi, kabla mtu hajagusa ufunguo, ulikuwa mtupu. Tulipofungua pampu ndogo, kijiti chake kilikuwa kinacheza upande kwa upande hata kwa vidole. Kipuri kimoja kinachoenea kiganjani, na ndicho kilichotaka kumuuzia mama beringi, krankshafti, betri mbili na stata. Tuliibadilisha pampu hiyo ndogo, tukatoa hewa kwenye filta za dizeli na kwenye pampu, na lori likawaka kwa ufunguo bila mtu kupanda kupiga chochote.

Habari ya kuwasha inastahili kuelezwa zaidi, maana huku kwetu mwezi wa sita na wa saba baridi inauma na gereji zinajaa asubuhi. Injini ya Rudolf Diesel, iliyofanyiwa majaribio ya mafanikio mjini Augsburg, Ujerumani, mwaka 1897, haina plagi ya kutoa cheche. Inabana hewa ndani ya silinda, kwa injini za malori kama mara 16 mpaka 18, hewa inapanda moto kupita nyuzi joto 500, kisha dizeli inanyunyizwa ndani na kuwaka yenyewe. Basi ili iwake inahitaji mambo matatu: izungushwe kwa kasi ya kutosha, hewa ibanwe bila kuvuja, na dizeli ifike bila hewa ndani yake. Injini inayozunguka kwa uvivu inaipa hewa muda wa kupoa na kuvuja kwenye ringi.

Mtu akiniambia gari haliwaki, naenda nyuma ya bomba la moshi kabla ya kwenda mbele. Mwenzangu anapiga stata, mimi natazama. Injini inazunguka vizuri na hakuna moshi wowote: dizeli haifiki. Natafuta hewa kwenye mabomba, filta iliyoziba, kebo ya kuzimia iliyokwama, au ile swichi ya umeme ya kuzima injini iliyogoma kufungua. Moshi mweupe unatoka lakini haliwaki: dizeli inafika ila haiungui, na hapo nafikiria baridi, mbano hafifu, au pampu isiyonyunyiza kwa wakati wake. Mambo hayo mawili unayapata kwa macho yako, bila kulipa chochote.

Inapozunguka kwa uvivu ndipo mita ya umeme inashika zamu. Lori lina betri mbili za volti 12 zilizounganishwa kupata 24. Kila moja ikijaa na kupumzika inasoma kama 12.6. Stata ikipigwa, mbili kwa pamoja zisianguke chini ya volti 19 au hapo karibu. Zikianguka, betri zimechoka au hazichajiwi. Zisipoanguka na injini bado inazunguka kwa shida, betri ni nzima, umeme unapotelea njiani. Weka waya mmoja wa mita kwenye kichwa hasi cha betri na mwingine kwenye chuma kisafi cha injini, mwenzako apige stata. Ikisoma zaidi ya nusu volti, waya wa ethi kati ya injini na chesesi una kutu au umelegea. Nimeona stata nzima zikiuzwa kama chuma chakavu kwa sababu ya waya huo mmoja.

Oili inaingia tena hapa kwa mlango mwingine. Wako madereva wanaojaza oili nzito ya namba 40 tupu, au wanamimina dawa ya kunenepesha, ili sindano ipande. Sindano inapanda kweli. Lakini alfajiri ya baridi stata inasukuma uzito huo wote, betri zinakufa, na oili inachelewa kufika kwenye turbo, ambayo shafti yake inazunguka makumi ya maelfu ya mizunguko kwa dakika na ndiyo ya kwanza kuungua ikikosa oili. Kwenye 15W-40, namba ya kwanza inaeleza inavyotiririka wakati wa baridi na ya pili uzito wake ikiwa na moto. Imetengenezwa hivyo makusudi ili isilazimu kuchagua kimoja.

Yapo pia malori ambayo presha ya oili na kuwaka kwa injini ni jambo moja kabisa. Baadhi ya malori ya Kimarekani, kwa mfano yenye injini za Caterpillar 3126 au International DT466E, hutumia oili ya injini kusukumia nozeli. Kuna pampu ya pili inayoipandisha oili presha kubwa sana, na oili hiyo ndiyo inayoikandamiza dizeli ndani ya nozeli. Oili ikipungua kwenye sampu, au ringi moja ya mpira ikivuja ndani, injini inazunguka siku nzima bila kuwaka, na dizeli iko tele. Fundi asiyelijua hilo atafungua kila kitu cha dizeli na asione kosa.

Mawili matatu kuhusu usalama, kwa sababu yanaumiza watu. Usichome kitambaa chenye dizeli na kukishikilia kwenye njia ya hewa. Usipulizie dawa ya kuwashia yenye etha kwenye injini yenye hita kwenye njia ya hewa au plagi za kupashia. Inalipuka kabla ya wakati na kuvunja ringi, au kukuunguza uso. Usiwashe moto wa kuni chini ya sampu. Stata ikigonga mara moja tu na kukwama ghafla, usilazimishe: huenda kuna maji ndani ya silinda, na maji hayabanwi, konrodi ndiyo itakayopinda. Toa nozeli kwanza, kisha uizungushe injini kwa mkono. Na lori lisisukumwe mteremkoni kutafuta kuwaka. Injini iliyozimika haijazi upepo wa breki, na usukani unakuwa mzito mno kuushika.

Dereva, taa ya oili ikiwaka ukiwa unatembea, toka barabarani na uzime injini hapohapo. Usiseme utafika Mafinga. Kuna malori ambayo yangepona kwa kubadilishiwa swichi au pampu ndogo, yakanoki kwa kilomita chache za ukaidi. Na unapochomoa kijiti cha oili asubuhi, usitazame tu kama imepungua. Tazama pia kama imeongezeka, na ukinuse.

Nawe mwenye gari, geji ya presha ya oili yenye mpira na viunganishi vyake haifiki bei ya tairi moja la lori. Gereji isiyokuwa nayo haina haki ya kukwambia beringi zimekwisha. Kabla hujalipa shilingi ya kwanza ya kufumua injini, simama pale, omba uione sindano mwenyewe injini ikiwa baridi na ikiwa na moto, iandike, halafu uliza filta ya zamani iko wapi.